Herufi Moja kwenye Foronya

Mafuta ya taa yakichanganywa na buluu ya kufulia hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote, kali puani kwanza, halafu inabaki nyuma ya koo hata ukinywa maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu mwaka ule nilioingia kidato cha kwanza, nyumba ya vyumba viwili kwenye mteremko ulio chini ya makutano ya barabara ya Sonatubes jijini Kigali, ambako honi za magari zilianza kabla hatujaamka. Mama yangu alikuwa mtarizi. Kazi yake ilianzia kwenye karatasi. Alichora ua au neno kwenye karatasi ngumu, akapitisha sindano juu ya mstari, tundu baada ya tundu, mpaka mchoro mzima ukawa vitundu. Kisha alitandaza kitambaa mezani, akaweka ile karatasi juu yake, akachovya tambara kwenye mafuta na buluu na kusugua taratibu. Akiinua karatasi, mchoro ulikuwa umebaki kwenye pamba nyeupe kwa nukta ndogo za bluu, nao uzi ungefuata nukta hizo. Mafuta yalikauka upesi, na buluu ilitoka siku ya kufua. Karatasi moja ya vitundu iliweza kutumika mara hamsini bila mchoro kubadilika hata kidogo. Hilo lilikuwa jambo zuri la kazi ile, na ndilo lililotumaliza.

Alifundishwa na masista akiwa msichana, wakati ambapo hakuna aliyemfundisha kusoma. Hili la kutosoma lilimuuma, ingawa hakulisema. Mkono wake ulikuwa na msimamo wa ajabu: upande wa nyuma wa kazi yake ulikuwa safi sawa na wa mbele, hakuna fundo, hakuna uzi uliovuka ovyo. Ndiyo maana nguo yoyote iliyomfikia aliigeuza kwanza ndani nje kabla ya kusema neno, na mara nyingi neno lenyewe halikuwa zuri. Miaka hiyo caguwa, mitumba yetu ambayo jina lake tulilichukua kwenye "chagua" ya Kiswahili, ilikuwa imeanza kupanda bei, na maduka yakajaa nguo mpya za rangi kali, nyepesi, za kuvaa msimu mmoja. Mimi nilizitamani kufa. Shangazi yangu aliwahi kuninunulia blauzi moja yenye maandishi ya kumetameta kifuani, nikaivaa Jumapili tatu mfululizo, na Jumapili ya nne maandishi yakawa yamebanduka na mshono wa kwapa umeachia. Mama aliishona tena kwa mkono, hakunicheka, ila alisema aliyeishona hakuwa amepewa nafasi ya kuimaliza. Nami badala ya kumshukuru nilinuna, kwa sababu mshono wake ulionekana na wasichana wa darasani wangejua.

Jambo ambalo wasichana wa darasani hawakulijua, na mimi nililijua nikajifanya silijui, ni macho yake. Alikuwa ameanza kukosea tundu la sindano. Muuguzi wa zahanati alimwambia ana presha ya macho, kwamba aache kazi ya sindano ndogo na aende hospitali kubwa akatibiwe mapema, maana kinachopotea hakirudi. Mama alimsikiliza kwa adabu, akarudi nyumbani, akachukua kitambaa. Angeacha ale nini? Baba alikuwa ameshaondoka zamani, wala habari zake sitaki kuzichanganya na hizi. Basi Mama akawa anasogea mlangoni kila saa ili apate mwanga, na mimi nikawa namtungia uzi kabla ya kwenda shule, sindano kumi na tano zimechomekwa kwenye mto mdogo, nikirudi jioni zote ziko tupu.

Ndipo akatokea Mama Sada. Alikuwa mwanamke wa Tanga, mfanyabiashara aliyekaa mtaa wa Remera miaka mingi, mwenye sauti kubwa na mkono wa kutoa, na alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Kwao bibi harusi haingii nyumbani kwake na mashuka ya chapa ya mashine. Alitaka foronya ishirini na nne za pamba nyeupe, zitariziwe kwa uzi mweupe, maneno katikati na majani pembeni, na zote zifanane. Tena alikuwa na jambo kubwa zaidi. Alikuwa na chumba cha mbele karibu na nyumba yake, nacho alitaka kukifanya mahali pa kazi za mkono, wasichana sita au saba wakitarizi, na mtu mzima wa kuwafundisha. Alimwambia Mama kwamba foronya hizi ndizo zitakazoonyeshwa kwa wageni wa harusi, na zikipendeza, huyo mtu mzima atakuwa yeye. Mama alilileta jambo hilo nyumbani kwa sauti ya chini. Alinieleza vizuri kabisa, ili nielewe: akipata chumba kile, wasichana watashika sindano na yeye atashika fimbo ya kuelekeza tu. Macho yake yatapumzika, na ataweza kwenda hospitali bila sisi kulala njaa. Sikumbuki kama nimewahi kumwona akiwa na matumaini vile, kabla au baada.

Maneno ya kutarizi Mama Sada aliyatamka kwa mdomo, maana hakujua kwamba Mama hangeweza kuyaandika mwenyewe. Yalikuwa matatu: Fahari ya Nyumba. Mama aliyashika akaja nayo njia nzima kutoka Remera, akiyasema chinichini ndani ya basi ili yasimtoke, na alipofika mlangoni hata hajavua viatu aliniita.

"Keza, lete kalamu. Fahari ya Nyumba. Andika upesi, sitaki inipotee."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mnyarwanda yeyote ataliona mara moja. Sisi herufi R na L ndimi zetu hazizitofautishi. Mtu atakuambia anaenda "kurara" na kwamba amekula "wari," na anayesikia akiwa wa kwetu hata hashtuki. Muhula ule tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili aliyesomea Tabora, mkali, na alitukalia kooni kuhusu jambo hilo. Alitusimamisha mmojammoja kusema "lala," "leta," "lima," na aliyesema R alibaki amesimama mpaka kipindi kiishe. Alituambia Watanzania wakitusikia hucheka wakitupa kisogo. Mimi nilikuwa wa kwanza kukaa chini darasani, na kichwa kikanivimba kweli. Nikaanza kuisaka R ya kila mtu: ya muuza maziwa, ya jirani, ya padri. Kwa hiyo Mama aliponitamkia "fahari," neno ambalo sikuwahi kukutana nalo, sikusikia neno. Nilisikia kosa.

Nilimwambia yeye husema R kila mahali, kwamba yule mama lazima alisema "fahali," yeye ndiye aliyelipindisha kwa ulimi wake wa nyumbani. Mama akasita. Akasema tena, fahari, akasikiliza mwenyewe, akasema anadhani Mama Sada alisema hivyohivyo. Nikacheka. Nilicheka kile kicheko cha mtoto aliyesoma mbele ya mzazi asiyesoma, na nikimkumbuka mtoto yule natamani nimzabe kofi. Nikamuuliza nani kati yetu anafundishwa Kiswahili. Naye akanitazama, akasema kwa Kinyarwanda kwamba kweli, mimi ndiye ninayesoma, niandike ninavyojua. Nikaandika kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi kubwa na nzuri, L imesimama ndefu katikati ya neno. Nilimsaidia hata kuitoboa karatasi. Kwa wale wasiojua kama nilivyokuwa sijui, fahari ni kitu cha kujivunia, na fahali ni dume la ng'ombe.

Kazi ile ilichukua mvua zote za masika. Nikitoka shule nilimkuta mlangoni, kitambaa kimebanwa kati ya pete mbili za mbao, uso wake umeinama karibu sana na uzi. Nyeupe juu ya nyeupe ni kazi ya kumnyonga mtarizi mwenye macho mazima, seuze yeye. Alijaza herufi kwa mishono iliyolala pamoja, mifupi, imebanana, mpaka neno likainuka juu ya kitambaa na ungeweza kulisoma kwa kidole. Majirani walikuja kugusa. Mwanamke mmoja aliyeuza nguo mpya sokoni Nyabugogo alishika foronya moja, akapitisha kidole juu ya neno, akasema yeye katika marobota yake yote hajawahi kupata kitu ambacho mjukuu angeweza kurithi. Mama alitabasamu tu. Zilipotimia ishirini na nne alizifua, akazipiga pasi ya makaa, akazifunga kwenye shuka, na Jumamosi tukaenda Remera, mimi nikiwa nimebeba furushi na kumwambia aketi vizuri kwenye kiti cha basi asije akaonekana wa shamba.

Sebuleni kwa Mama Sada walikuwepo yeye na mabinti zake wawili. Nilimwamkia shikamoo kwa matamshi yangu mazuri, akafurahi. Akafungua furushi. Aligusa majani, akageuza foronya ndani nje, akasema wallahi hajaona mkono kama huu tangu kwa bibi yake. Mama aliinamisha kichwa. Kisha binti mdogo akainama asome, akaziba mdomo, na mabega yakaanza kumtikisika. Bibi harusi akasoma naye. Huyo hakucheka. Alisema taratibu, "Mama, wameniandika dume la ng'ombe," na akaondoka chumbani. Mama Sada akachukua foronya ya pili, ya tatu, ya kumi, akizitandika moja juu ya nyingine kwenye kochi, na kila moja ilisema vilevile, kwa sababu karatasi ya vitundu haikosei. Nilisikia masikio yakiniwaka. Nikaelewa yote kwa mara moja, neno na kosa na nani aliyelifanya.

"Nani aliandika hili neno?" Mama Sada aliuliza. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka ghafla.

"Ni Mama ndiye aliyeniambia niandike hivyo," nikasema.

Lilitoka lenyewe, laini, kwa Kiswahili fasaha. Mama aligeuka akanitazama. Si kwa hasira, ningeiweza hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo muda si mrefu. Halafu akamgeukia Mama Sada na kusema kwa Kiswahili chake cha Kigali, kile nilichokuwa nakionea aibu:

"Ni mimi, Mama Sada. Mimi sikusoma. Makosa iko yangu, unisamehe."

Mama Sada alikuwa mtu wa utu, akasema bado wiki mbili kabla ya harusi, na kama angeweza kuyasahihisha maneno, azilete tena. Tukarudi. Nilitegemea kipigo, nilikitaka kabisa, na nilipoona hakiji nikaanza kuogopa. Siku iliyofuata Mama aliketi mlangoni na wembe na sindano butu, akaanza kufumua. Watu hudhani kufumua ni rahisi kuliko kufuma. Uzi mweupe uliozama katika pamba nyeupe hauonekani, unautafuta kwa ncha ya kidole, ukikata pabaya umetoboa kitambaa. Na L ni ndefu kuliko R. Alipoitoa, juu ya R mpya palibaki mstari wa vitundu vya sindano ambavyo havikujifunga hata kwa kufua, na kila aliyetazama angejua kulikuwa na kitu hapo. Akaamua kuvifunika kwa jani dogo, jani moja juu ya kila R, mishono midogo kuliko yote aliyowahi kuishona. Aliacha kupika mchana ili asipoteze jua. Alisema macho yanamwasha, baadaye akasema anaona duara za rangi kuzunguka kila kitu, baadaye akaacha kusema. Mimi nilikaa pembeni nikimwonyesha uzi ulipoishia. Kila siku nilikuwa na saa nzima za kusema ni mimi, nisamehe, na kila siku nilisema kushoto kidogo Mama, hapo, hapo.

Tulizirudisha siku tano kabla ya harusi. Mama Sada aliyasifu majani yale, na nadhani kweli yalimpendeza, lakini kitandani kwa bibi harusi kulikuwa tayari na mashuka ya dukani, yamechapwa mawaridi mekundu, bado yananuka plastiki. Binti alikuwa amekataa katakata. Habari ya dume la ng'ombe ilikuwa imeshawafikia wakwe, na foronya yoyote ambayo ingetoka mkononi mwetu ingerudisha kicheko. Mama Sada alichukua mbili kwa ajili yake mwenyewe. Kuhusu chumba, alimshika Mama mkono akamwambia kazi yake haina mfano, ila wasichana wanahitaji mtu wa kuwaandikia na kuwasomea, na maneno yamepitapita, angefanyaje? Mama akasema anaelewa, na akashukuru kwa chai. Mwaka haukuisha chumba kile kikawa duka la nguo mpya za bei rahisi, fulana zimening'inizwa mpaka barabarani, na tukipita kwenye basi Mama alikuwa akitazama upande mwingine. Hospitali alikwenda baadaye sana, shangazi alipomlazimisha. Daktari alimuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Sasa mimi ni mtu mzima, na riziki yangu ni lugha. Nakaa ofisini Kigali nikisahihisha Kiswahili cha watu wengine, mabango, vipeperushi, hotuba, na wenzangu wa kutoka Dar hunitania kwamba R zangu na L zangu ni safi kuliko zao. Kabati langu limejaa nguo nilizonunua kwa haraka, nyingine sijui hata nilizinunulia nini, na kila baada ya miezi michache natoa mfuko mzima wa zilizochanika na kupauka nikautupe. Foronya za Mama zilizorudi nyumbani bado tunazitumia. Zimefuliwa miaka yote hii na hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Siku hizi watu wenye pesa wamezigundua tena kazi za mkono, wanazitafuta, wanazipiga picha, wanasema wamechoka na nguo za kutupa. Juzi mwanamke mmoja kijana alikuja nyumbani akitaka Mama afundishe kikundi chake. Mama alimkaribisha, akagusa kitambaa alichokuja nacho, akakigeuza ndani nje kwa mazoea, kisha akamwomba msamaha. Yeye sasa huona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Yule dada alikaa kidogo, akaaga.

Alipoondoka nikaona siwezi tena. Nilikuwa nimeyabeba kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, nikayasema yote bila kupumzika: kwamba yeye alilitamka sawasawa, kwamba mimi ndiye niliyelibadilisha, kwamba mbele ya Mama Sada nilidanganya nikamwacha aaibike kwa kosa langu, na kwamba macho yake ni mimi. Nililia vibaya, kilio cha mtu mzima, cha kamasi. Mama alisubiri nimalize. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia.

"Hayo unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Mimi nilikuwepo. Mwambie Mama Sada."

Nikamwambia Mama Sada alirudi kwao Tanga zamani, na kwamba nilipata habari mwaka jana kuwa amefariki. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Remera niliona uso wa Mama ukikunjamana.

"Basi amekufa akijua ni mimi," akasema.